MFANYAKAZI HAKUZALIWA KUKALIA FURUSHI STESHENI



Kila ufikapo wakati wa likizo, wengi wetu hapa Bujumbura na katika mashamba ya chai ya milimani hushika njia ya Kigoma. Kutoka huko hupanda treni ya Reli ya Kati kwenda kuwaona jamaa Tabora, Mwanza, Dodoma au Dar es Salaam. Safari ni ndefu, na aendaye Mwanza sharti apitie Tabora, ambako njia ya Kigoma na njia ya Mwanza hukutana. Hutokea basi msafiri akateremka hapo na kungoja treni nyingine kwa saa nyingi, pengine kutwa nzima.

Je, saa hizo ni za nani? Sisi twasema ni za mfanyakazi mwenyewe. Lakini katika zaidi ya stesheni moja tumeona saa hizo zikiliwa na mizigo. Mtu mzima, aliyetoa jasho mwaka mzima, anakaa juu ya furushi lake tangu asubuhi hadi usiku. Hathubutu kwenda msalani, hathubutu kwenda kununua chai. Mji uko mbele yake, naye hauoni.

Wako watakaosema kwamba kutembea mjini na kutazama mambo ya kale ni starehe ya watalii, si kazi ya mchuma chai wala ya mwendesha mashine. Hayo tunayakataa kabisa. Likizo haikutolewa kama sadaka. Ilipiganiwa na wafanyakazi, na mwenye likizo ana haki ya kuona dunia.

Tena Tabora ni mji wenye historia ya wafanyakazi. Kabla ya reli, nguo, shanga na pembe za ndovu zilipita pale juu ya mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Kila mmoja alichukua mzigo wa kilo 30 hivi, na safari ya kutoka Bagamoyo ilikuwa ya miezi mitatu hivi kwa miguu. Kilomita chache nje ya mji, mahali paitwapo Kwihara, iko tembe alimokaa David Livingstone. Siku hizi ni makumbusho. Stanley alipoondoka pale Machi 1872, Livingstone alibaki hadi Agosti akingoja watu wa kumchukulia mizigo. Msafiri aliyesifiwa dunia nzima hakuweza kuendelea na safari bila mpagazi! Jambo hilo lafaa watoto wetu walione na kulisikia.

Reli, iliyojengwa wakati wa Wajerumani kwa jasho la Waafrika, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ikautua mzigo kutoka kichwani mwa mpagazi. Haifai basi leo kitukuu cha mpagazi huyo, aliyekwisha kulipa nauli, afungwe na mzigo palepale stesheni.

Dawa yake si kubwa. Ni chumba chenye mlango madhubuti, rafu, daftari, karani, na stakabadhi kwa kila mzigo. Ada iwe ndogo na ibandikwe ukutani ili kila mtu aione. Na chumba kiwe wazi kila treni inapofika na inapoondoka, hata ikiwa ni usiku wa manane. Chumba kinachofungwa saa kumi jioni hakimsaidii msafiri ambaye treni yake huondoka saa nne usiku.

Juu ya stakabadhi, tuwe macho. Huko London, katika stesheni ya Charing Cross, Bwana Parker aliweka begi lake katika chumba cha mizigo, akalipa peni 2, akapewa tikiti. Mbele ya tikiti palikuwa na maneno ya kumwambia atazame nyuma, na nyuma palikuwa na sharti kwamba kampuni ya reli haitawajibika kwa mzigo wenye thamani ya zaidi ya pauni 10. Begi likapotea, nalo lilikuwa na thamani ya pauni 24 na shilingi 10. Mwaka 1877 Mahakama ya Rufani iliamuru kesi isikilizwe upya, na swali likawa hili: je, kampuni ilifanya ya kutosha kumjulisha mteja sharti lile? Tanzania, Kenya na Uganda zilirithi sheria za Kiingereza, na mwanafunzi wa sheria huko husoma kesi hiyo hadi leo.

Fundisho lake kwetu ni wazi. Kama Mwingereza mwenye kusoma lugha yake mwenyewe hakuliona sharti la nyuma ya tikiti, itakuwaje kwa mchuma chai anayepewa karatasi ya Kiingereza yenye herufi ndogo kama chawa? Masharti yaandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, na karani ayasome kwa sauti kwa asiyejua kusoma.

Hapa lazima tumtetee karani pia. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini karani wa stoo huulizwa mzigo wa kila mtu. Si haki kumpa chumba kisicho na kufuli, kumweka peke yake mchana na usiku, kisha kitu kikipotea akatwe mshahara. Menejimenti itoe vifaa na watu wa zamu, na itoe fidia yenyewe bila ya kuitoa mfukoni mwa mnyonge. Vivyo hivyo wachukuzi wa stesheni wapewe vitambulisho na malipo yanayojulikana, ili msafiri ajue amempa nani begi lake.

Nasi wasafiri tuna wajibu wetu. Tufunge mizigo kwa kamba imara na kuandika jina juu yake. Tutaje mbele ya karani vilivyomo vya thamani, yaandikwe katika daftari. Fedha na vitambulisho vikae mwilini. Na ndugu zetu wanaotoka Kigoma na dagaa na mawese, tafadhali: dumu linalovuja haliharibu mzigo wako tu, huharibu na khanga za mama wa watu. Stakabadhi tuitunze kama tunavyotunza tikiti ya treni.

Twaomba basi wajumbe wetu walipeleke jambo hili katika mikutano yao na wenzetu wa vyama vya wafanyakazi wa reli ng'ambo ya mpaka. Waulize katika kila stesheni ya njia panda: chumba kipo? Kiko wazi saa ngapi? Stakabadhi yasemaje? Karani analindwaje? Majibu yachapwe katika ukurasa huu kabla ya likizo ijayo, ili kila mwenzetu ajue mahali atakapotua mzigo wake na mahali ambapo itambidi aukalie.

Mikono iliyofanya kazi mwaka mzima inastahili siku moja ya kuwa mitupu.