Njia ya Burundi kwenda Afrika ipite mchangani

Juni 2019 Intamba mu Rugamba, timu ya taifa ya Burundi, walikwenda Misri kucheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi. Walifungwa na Nigeria, wakafungwa na Madagascar, wakafungwa na Guinea, wakarudi Bujumbura bila bao hata moja. Tangu hapo hawajafuzu tena. Kila baada ya miaka miwili tunarudia mjadala uleule: kocha gani afukuzwe, mchezaji gani wa Ulaya aitwe, nani alipe tiketi za ndege. Wakati huohuo lipo kombe jingine la Afrika, la timu za taifa vilevile, linaloandaliwa na CAF, shirikisho lilelile la soka la Afrika, na ambalo nchi kadhaa zenye uwezo kama wetu au unaokaribiana na wetu zimelifikia. Ni Kombe la Mataifa ya Afrika la soka la ufukweni. Hoja yangu ni kwamba Burundi, nchi isiyo na bahari lakini yenye Ziwa Tanganyika mlangoni pa jiji lake kubwa, inapaswa kuuchukua mchezo huu kuwa mpango wa taifa, na mpango huo uanzie Bujumbura.

Kwa msomaji ambaye hajautazama mchezo wenyewe, uwanja wake una urefu wa mita 35 hadi 37 na upana wa mita 26 hadi 28. Kila upande una wachezaji watano, kipa akiwa mmoja wao, na wote wanacheza peku. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 12, mabadiliko ya wachezaji hayana kikomo, na hakuna sare: muda ukiisha matokeo yakiwa sawa huongezwa dakika tatu, kisha penalti. Kwa kuwa mpira hauviringiki vizuri mchangani, unachezwa zaidi hewani, ndiyo maana tikitaka, ambayo kwenye nyasi tunaiona mara moja kwa msimu, hapa ni jambo la kila mechi. Kikosi cha mashindano kina wachezaji 12 tu. Tuzingatie namba hiyo, kwa sababu ndiyo inayoamua gharama za ndege, hoteli na posho, na gharama hizo ndizo zinazoziangusha timu zetu kabla hata filimbi haijapulizwa.

Fainali za Afrika zina timu nane, na mbili za juu hupata nafasi ya Kombe la Dunia la mchezo huu. Nane katika wanachama 54 wa CAF inaonekana kuwa tundu la sindano, lakini nchi zinazojiandikisha kwa mchujo hazifiki hata nusu ya wanachama hao, na baadhi hujiondoa kabla ya kucheza. Tazama nani wamepita. Uganda, isiyo na bahari, ilicheza fainali za mwaka 2021 kule Saly, Senegal, na za mwaka 2022 kule Vilankulo, Msumbiji. Malawi nayo haina bahari, ina ziwa kama sisi, na ilifuzu mwaka 2022 kisha ikafuzu tena mwaka 2024 kwa fainali za Hurghada, Misri. Tanzania imefuzu kwa fainali hizo mwaka 2018, 2021 na 2024. Mauritania iliingia kwa mara ya kwanza mwaka 2024, ikafika hadi mechi ya mwisho, na hivyo ikajikatia tiketi ya Kombe la Dunia. Hakuna hata moja kati ya nchi hizi nne iliyofika huko kwa utajiri. Uganda ilianza kwa kuwa na ligi ya ufukweni ambayo vyuo vikuu viliingiza timu, mechi zikichezwa kwenye fukwe za Ziwa Victoria upande wa Entebbe. Timu ya taifa ikatokana na ligi hiyo. CAF iliiamini kiasi cha kuipa uenyeji wa fainali zilizopangwa Novemba 2020, kabla hazijasogezwa mbele na kuhamishiwa Senegal. Nchi ya maziwa ilikabidhiwa kombe la ufukweni, na hakuna aliyeuliza bahari iko wapi.

Burundi si wageni kabisa katika jambo hili. Tulijaribu. Katika mchujo wa fainali hizo za 2021 tulipangwa na Tanzania, na Tanzania ndiyo iliyofuzu. Kilichotutenganisha ni mazoea. Mchezaji wa nyasi akiwekwa mchangani kwa wiki mbili kabla ya mechi bado anakimbia kama mtu wa nyasi: anasukuma mpira mbele na kuufuata, anachoka kipindi cha pili, na anaogopa kupiga mpira kabla haujagusa chini. Hayo huondolewa na miaka ya kucheza, na miaka hiyo inahitaji ligi. Timu inayokusanywa kwa ajili ya mchujo na kutawanyika siku ya pili yake haiwezi kuvuna kitu.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia ni kwamba huu ni mchezo wa likizo, wa watalii na wenye muda wa kupoteza, usiostahili fedha wala akili za shirikisho letu la soka. Pingamizi hili limepitwa na wakati tangu FIFA ilipouchukua mchezo huu mwaka 2005 na kuandaa Kombe la Dunia la kwanza kule Rio de Janeiro, ambako Ufaransa ya Eric Cantona ilitwaa ubingwa. Mei 2025 kombe hilo lilichezwa Afrika kwa mara ya kwanza, Ushelisheli, taifa lenye watu wapatao laki moja tu. Kuna mitaa mitatu au minne ya Bujumbura ambayo ukiijumlisha inakaribia idadi hiyo, na hata hivyo visiwa vile vidogo viliikaribisha dunia nzima, Brazil ikaondoka na kombe. Anayeuita mchezo huu wa likizo na aeleze kwa nini Senegal wanaulinda ubingwa wao kwa wivu mkubwa namna ile.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: fedha. Nchi haina mafuta ya kutosha ya magari, vilabu vya ligi kuu vinahangaika kulipa mishahara, na timu kubwa ya taifa imelazimika kucheza mechi za nyumbani nje ya nchi. Mtu atauliza kwa haki, tunawezaje kuongeza mzigo mwingine? Naijibu hoja hii kwa kuanzia hapohapo kwenye uwanja. Novemba 2023, mechi za kwanza za kufuzu Kombe la Dunia la 2026 zilipoanza, Burundi ilicheza kama mwenyeji ikiwa Dar es Salaam, kwa sababu uwanja wa Intwari wa Bujumbura ulikuwa haujatimiza masharti ya kimataifa. Mashabiki wa mitaa ya Buyenzi na Kamenge walibaki kuisikiliza timu yao redioni ikiwa "nyumbani" katika nchi ya watu. Kuurekebisha uwanja wa watu maelfu kwa viwango vya CAF ni kazi ya mabilioni ya faranga, na lazima ifanyike, lakini itachukua muda. Uwanja wa mchanga ni hesabu nyingine kabisa. Kanuni zinataka mchanga wenye kina cha angalau sentimita 40. Ukizidisha kina hicho na eneo la kuchezea pamoja na ukingo wake, unapata mita za ujazo kati ya 400 na 500, yaani malori yapatayo hamsini ya mchanga uliochekechwa vizuri ukaondolewa mawe na vipande vya chupa. Magoli mawili, nyavu, kamba za mistari, na majukwaa ya kukodi siku ya mechi. Hakuna nyasi ya kumwagilia, hakuna viatu vya kununua. Kwa gharama ya safari chache za timu kubwa kwenda kucheza "nyumbani" ugenini, Bujumbura ingepata viwanja kadhaa, na watu wa jiji hili wangeiona timu ya taifa ya wanaume ikicheza mechi ya Afrika mbele ya macho yao. Hilo pekee lingetosha kunishawishi.

Tuna pia ushahidi wa ndani kwamba mlango usio na msongamano hufunguka kwa aliyejiandaa. Mwaka 2022 Kombe la Afrika la wanawake lilipanuliwa hadi timu 12, na wanawake wa Burundi wakafuzu kwenda Morocco kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo soka lao lilipewa makombo ya bajeti na dharau za kutosha. Walifika kwa sababu walikuwepo, timu ikaingizwa mchujoni, na nafasi ilipopatikana hawakukosekana.

Pingamizi la tatu linatoka ziwani kwenyewe, na hili ndilo ambalo mkazi wa Bujumbura ana haki ya kulitaja kwanza. Unazungumzia ufukwe upi? Tangu mwaka 2018 Ziwa Tanganyika limekuwa likipanda kwa kiwango kinachowakumbusha wazee mafuriko makubwa ya miaka ya 1960. Gatumba imezama mara kwa mara, maji ya mto Rusizi yakikutana na maji ya ziwa. Nyumba za mitaa ya Kibenga na Kabondo zimeingiliwa na maji, hoteli na baa za ufukweni zimepoteza mchanga ambao wateja walikuwa wakiuketia, na Aprili 2024 serikali iliomba rasmi msaada wa kimataifa kwa ajili ya waathirika. Kuzungumzia mpira mahali ambapo familia zimehama na vitanda vyao vichwani kunahitaji heshima, na sitaki kulipita jambo hili haraka. Lakini tukilitazama kwa makini, ziwa linatufundisha kitu gani cha kujenga kandokando yake. Sheria ya maji ya mwaka 2012 inataka mita 150 kutoka ukingo wa Tanganyika ziachwe bila majengo, na sehemu kubwa ya hasara tuliyoiona imetokana na kuipuuza sheria hiyo: kuta, zege na ghorofa zilizosogezwa hadi majini. Uwanja wa mchanga hauna msingi wala ukuta. Maji yakija, yanachukua mchanga na magoli yamekwishahamishwa. Yakirudi, mchanga unamwagwa upya. Katika ukanda ule ambao haupaswi kujengwa, sioni matumizi mengi yanayoufaa zaidi ya uwanja wazi ambao kila mtoto anaweza kuufikia bila kulipa kiingilio cha klabu. Ufukwe wa Bujumbura kwa miaka mingi umegawanywa kati ya wenye hoteli na wenye nguvu. Kuurudishia umma japo vipande vichache vya mchanga ni jambo jema hata kama hatufuzu kamwe.

Zaidi ya hayo, si lazima uwanja uwe ziwani. Timu nyingi za mchezo huu zinafanya mazoezi katikati ya miji, ndani ya mraba wa mchanga ulioletwa kwa lori. Kiwanja kimoja kinaweza kukaa Buyenzi, ambako kila barabara ina timu yake na kila timu ina wapinzani wake wa jadi. Kingine kinaweza kuwa Kinama, kingine Kanyosha, penye mwinuko ambao maji hayajaufikia. Nalitaja hili pia kwa sababu mchanga wenyewe hauokotwi bure. Mito ya jiji, Ntahangwa na mingineyo, imechimbwa hadi kingo zinabomoka, na mpango wowote wa viwanja lazima uchukue mchanga katika machimbo yaliyoruhusiwa, vinginevyo tutakuwa tumeujenga uwanja wa watoto kwa kubomoa nyumba ya jirani yao.

Kuhusu Senegal, wanaosema hakuna maana ya kushindana nao wana takwimu upande wao: mataji manane, na matano ya mwisho, kuanzia 2016 hadi 2024, wameyachukua mfululizo. Lakini Madagascar iliwafunga kwenye fainali ya mwaka 2015 ikawa bingwa wa Afrika. Tena swali letu leo ni namna ya kuingia miongoni mwa wanane. Ubingwa ni mazungumzo ya mwaka mwingine. Tuige walichokifanya Senegal: Dakar ina vijana wanaofanya mazoezi mchangani kila jioni, na timu ya taifa inachota humo.

Kwa hiyo kinachotakiwa ni ligi kwanza, kisha timu. Ligi ya ziwa inaweza kuanza na Bujumbura, Rumonge na Nyanza-Lac, miji mitatu iliyopangwa kwenye barabara moja, yenye vijana wa wavuvi ambao miguu yao imezoea mchanga tangu wakiwa watoto. Kigoma iko jirani na Tanzania ina uzoefu tunaoweza kujifunza kwao, na siku amani itakaporudi upande wa pili wa maji, Uvira na Kalemie zina vijana walewale. Shirikisho letu la soka liwasomeshe waamuzi na makocha wachache wa mchezo huu, lichague mtu mmoja anayewajibika, na lijiandikishe katika kila mchujo bila kujiondoa, hata miaka ambayo tunajua tutafungwa. Manispaa itoe maeneo. Wizara ya michezo ilipe lori za mchanga. Na nyinyi mnaosoma gazeti hili mkiwa viongozi wa timu za mitaa, msingoje barua kutoka ofisini: mchujo ujao utawakuta waliokwisha kuanza kucheza.