Reale ya Nani?



Kuna maneno yameshakuwa wimbo katika mabaraza yetu hapa Maskati: "Zamani tulikuwa na reale yetu." Husemwa na jamaa wenye asili ya Unguja, na sarafu kongwe ikatolewa kabatini iwe ushahidi kwamba na sisi tulikuwa watu. Upande wa pili wako wanaotucheka kwa Kiswahili chetu, wakasema lugha ya mchanganyiko ni dalili ya Uomani wa mchanganyiko. Makundi haya mawili hayapatani, lakini kosa lao ni moja: yote yanaitafutia fedha na lugha nasaba safi. Hebu tuitazame hiyo sarafu.

Reale waliyoihesabu wazee wetu, Unguja na Oman, ina sura ya mwanamke. Ni Maria Theresa, mtawala wa Austria, Mkatoliki, aliyefariki mwaka 1780. Kaburini alikwisha kuingia, lakini sarafu yake iliendelea kupigwa kwa tarehe ile ile ya 1780, kwani wafanyabiashara wa Arabuni na Afrika walishaizoea na kuiamini. Jina lenyewe, reale, na riali pia, asili yake ni Uspania. Pesa imetoka Bara Hindi, na ndugu yake wa tumbo moja ni baisa, hizi tunazorejeshewa dukani Matrah kila siku. Basi anayetucheka kwa maneno ya kuchanganya, na apekue mfuko wake kwanza.

Ikitakwa hati, hati ipo. Seyyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856, wanawe, Seyyid Thuwaini wa Maskati na Seyyid Majid wa Unguja, waligombania urithi. Mwaka 1861 Lord Canning, aliyetawala India kwa niaba ya Uingereza, alikata shauri: dola igawanywe, na Unguja iilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Ndugu wawili wa baba mmoja, kadhi wao Mwingereza, na malipo kwa fedha yenye sura ya Malkia wa Austria! Hiyo ndiyo "reale yetu".

Najua nitakayojibiwa: Seyyid Barghash alipiga reale yake mwenyewe. Ni kweli, mwaka 1299 Hijria, yaani 1882. Lakini riali zake za fedha zilikuwa chache. Kilichoenea mikononi mwa watu ni pesa ya shaba, na sokoni rupia ya Kihindi ndiyo iliyotamba. Hata Serikali ya Unguja ilipotoa noti zake mwaka 1908, chini ya himaya ya Waingereza, zilikuwa noti za rupia, mpaka shilingi ya Afrika Mashariki ilipoziondoa mwaka 1936.

Ile pesa ya shaba ya Barghash ina picha ya mizani. Basi na tupime. Kitanga kimoja tuweke reale. Cha pili tuweke kilichozileta: karafuu, na mikono iliyozipanda na kuzichuma. Mikono ile kwa sehemu kubwa ilikuwa ya watumwa. Biashara ya kuwasafirisha ilipigwa marufuku mwaka 1873, na utumwa wenyewe Unguja haukuondolewa kisheria mpaka 1897. Anayeinua sarafu barazani akasema "tulikuwa watu", hebu atujibu: wao hawakuwa watu? Wala asidhani anaulizwa khabari za majirani. Wengi katika sisi tuna bibi aliyekuwa kwenye kitanga kile cha pili. Kumsahau yeye tukaikumbuka reale ni kuikana nusu ya damu yetu kwa ajili ya kipande cha fedha.

Na wale wanaotucheka nao wasishangilie. Mpaka mwaka 1970 fedha iliyotumika Maskati ilikuwa rupia ya Ghuba, iliyoanza kutolewa na Benki Kuu ya India mwaka 1959. Riali Saidi ilianza mwaka huo wa 1970, riali moja kwa rupia 21, na miaka michache baadaye ikaitwa Riali ya Omani. Mwaka huo huo Sultan Qaboos alishika madaraka, akawaita Waomani waliokuwa ng'ambo warudi kuijenga nchi, na watu wetu wakaja na elimu ya skuli za Unguja na Afrika Mashariki. Fedha ya taifa, basi, ni ya rika moja na kurudi kwetu. Ikiwa riali si mgeni, na sisi si wageni. Tangu 1986 riali hii imefungwa na dola ya Marekani, riali moja kwa dola 2.60, na hakuna aliyesema kwamba kwa hilo imepoteza Uomani wake.

Fedha ni amana. Thamani yake haitoki katika ukoo. Inatoka kwa watu wanaotimiza ahadi zao. Taifa nalo ni hivyo hivyo. Wazee wangu, hizo sarafu msizitupe. Waonesheni watoto. Lakini mkiwaonesha reale, watajieni na waliochuma karafuu, na muwafundishe kuwasomea Fatiha.