Misoprostoli si ya kunong'onezwa

Miaka yangu yote ya ukunga nimekuwa nikisikia maneno yaleyale kuhusu kidonge hiki, kwa ndugu wa wazazi na hata kwa wahudumu wenzangu. Nayajibu.

"Hiyo ni dawa ya vidonda vya tumbo." Kweli, Marekani iliisajili mwaka 1988 kwa ajili ya tumbo. Lakini ni ya jamii ya prostaglandini, kemikali ambazo mwili wa mwanamke hutengeneza wenyewe ili kulainisha mlango wa kizazi na kuleta uchungu. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu kwa kuanzisha uchungu mwaka 2005, na kwa kuzuia damu kutoka nyingi baada ya kujifungua mwaka 2011.

"Wazungu wanatujaribia." Mwaka 1968 Sultan Karim na wenzake wa Makerere, Kampala, walichapisha matokeo ya kuanzisha uchungu kwa prostaglandini, wakiwa miongoni mwa wa kwanza duniani. Elimu hii ina mizizi kwetu.

"Oksitosini ipo, vidonge vya nini?" Oksitosini ndiyo ya kwanza, sibishi. Ila inataka jokofu, nyuzi 2 hadi 8, na mtu wa kuchoma sindano. Zahanati isiyo na umeme itamwambia nini mama anayevuja damu? Kidonge hakitaki baridi; adui yake ni unyevu, kwa hiyo kisitolewe kwenye foili kabla ya wakati wake.

"Mama anatetemeka, imemdhuru." Kutetemeka na homa hutokea, na hupita baada ya saa chache. Mfunike, na macho yasiondoke kwenye damu.

"Kama kinasaidia, kizima kitaharakisha." Hili ndilo linaloua. Kidonge kina mikrogramu 200. Anayeanzishiwa uchungu kwa kunywa hupewa 25 tu, kila baada ya saa mbili. Hakuna wembe unaokata thumuni ya kidonge kidogo hivyo ikawa sawasawa. Tunakitia kwenye mililita 200 za maji na kupima 25 kwa bomba la sindano. Unga mweupe hutuama chini ya chupa, kwa hiyo tunatikisa kabla ya kila dozi, kisha tunasikiliza moyo wa mtoto. Mwenye kovu la upasuaji wa uzazi hatumpi: mji wa mimba unaweza kupasuka.

Usiku mmoja nilimpokea binti aliyemeza kizima nyumbani, kilichonunuliwa dukani bila cheti. Niliweka kiganja tumboni nikisubiri lilegee kati ya uchungu na uchungu. Halikulegea, lilikuwa gumu kama ubao. Tulimkimbiza kwenye upasuaji, yeye akapona, mtoto hatukumpata. Nilipotoka, shangazi yake alikuwa bado ameshika foili, akaniuliza kama vilivyobaki avitupe.