Ziwa Tanganyika Halimvuti Mtu

Mwandishi aliyedai kwamba Ziwa Tanganyika humvuta mwogeleaji chini kwa sababu ya kina chake amekosea, na kosa hilo ni la hatari. Kweli, kina hicho hufika takriban mita 1,470. Lakini maji humsukuma mtu juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji anayoyasogeza kwa mwili wake. Archimedes alilieleza hilo zamani. Anayeelea penye mita 3 pale Ujiji ataelea vilevile penye mita 1,000.

Kinachoamua ni hewa kifuani. Mapafu yakijaa, wengi huelea. Akitoa pumzi kwa mayowe, mtu huanza kuzama. Tena maji yasiyo na chumvi ni mepesi kuliko ya bahari kwa asilimia 2 hivi, kwa hiyo aliyezoea bahari ya Dar es Salaam hukaa chini kidogo huku Kigoma. Mpiga mbizi aliyezuia pumzi akishuka karibu mita 10, hewa mapafuni hubanwa hadi nusu na msukumo hupungua; lakini hapo kinachohusika ni kina alichoshuka yeye, si kina cha ziwa.

Anayeogopa kilindi tu atamwacha mtoto peke yake ukingoni, ambako pia watu hufa maji. Tuwafundishe watoto kulala chali na kutunza pumzi, na mtumbwini tuvae majaketi okozi.