Mkono wa kwenye gemu nao uachwe uumie

DAKIKA ya 63, Machi 14, 2023, Uwanja wa Etihad. Manchester City inaongoza 6-0 dhidi ya RB Leipzig katika Ligi ya Mabingwa Ulaya, na mabao matano kati ya hayo ni ya mtu mmoja, Erling Haaland. Imebaki karibu nusu saa. Mara ubao wa mwamuzi wa akiba unanyanyuliwa, na namba inayotoka ni 9.

Lionel Messi alishafunga matano katika mechi moja ya mashindano hayo mwaka 2012. Luiz Adriano akafanya hivyo 2014. Bao la sita lingemwacha Haaland peke yake juu kabisa. Pep Guardiola hakutaka kusikia. Mechi imeisha, ratiba ni ndefu, toka upumzike. Haaland mwenyewe alisema baadaye kwamba alimwambia kocha wake angependa kufunga la sita.

Ubishi wa namna hiyo hauishi vijiweni. Rekodi kwanza au mwili kwanza? Kwenye soka unaweza kumalizwa kwa utani, maana dakika 27 zaidi zisingemuua Haaland. Kwenye besiboli ya Marekani hautaniwi. Kule kinachowekwa rehani ni mkono wa mtu, na mkono ukishakatika ndani, kazi yote inaweza kwenda.

Siku hizi ubishi huo umehamia kwenye gemu za kompyuta, na wanaocheza wanauchukulia kwa uzito uleule.

Kwa shabiki wa soka, picha ni hii. Mrushaji anasimama katikati na kurusha mpira, mpigaji wa timu pinzani anausubiri na gongo. Mechi ina awamu 9, na katika kila awamu timu inayorusha lazima iwatoe wapigaji watatu. Jumla 27. Mpigaji akiugonga mpira na kufika kituo cha kwanza salama, bila walinzi kufanya kosa, hilo ni pigo. Mrushaji akimaliza awamu zote 9 bila kuruhusu pigo hata moja, hiyo ni mechi bila pigo. Si sawa na kipa kumaliza bila kufungwa. Ni zaidi ya hapo. Ni kama kipa kumaliza dakika 90 bila mpinzani kupiga shuti moja lililolenga goli.

Juu yake kuna mechi kamili, ambapo hakuna mpinzani anayefika kituo kwa njia yoyote ile. Tangu karne ya 19 hadi mwisho wa 2023, ligi kubwa za Marekani zimeshuhudia 24 tu.

Sasa tatizo. Mkono una hesabu yake. Mrushaji wa kiwango cha juu anarusha mipira inayozidi kilomita 145 kwa saa, mmoja baada ya mwingine, na kiwiko na bega ndivyo vinavyolipa. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alimfanyia Tommy John upasuaji wa kiwiko ambao hadi leo unaitwa kwa jina la mchezaji huyo, na warushaji wengi wamelala kwenye kitanda hicho baada yake. Ndiyo maana makocha wa sasa wanahesabu mirusho. Ikifika 90 au 100, mrushaji wa akiba ameshaanza kupasha misuli.

Gemu kama Out of the Park Baseball imeuchukua uhalisia huo kama ulivyo. Shabiki wa Football Manager akiifungua atajiona yuko nyumbani, maana hashiki mchezaji kwa vidole. Anapanga kikosi, anauza, anasajili, anaamua nani atoke na nani aingie. Warushaji wake wanachoka, wanaumia, na anaweza kuwawekea kikomo cha mirusho. MLB The Show ni ya kushika pedi na kurusha mwenyewe, lakini nayo mrushaji akizidisha anaishiwa nguvu na mipira inaanza kupotea njia.

Halafu inakuja ile saa. Awamu ya 8, kijana wako hajaruhusu pigo, kikomo ulichoweka ni mirusho 100, na sasa yuko 104. Unamtoa?

Kambi mbili zinagombana hapo. Ya kwanza inasema kikomo ni kikomo. Ukivunja leo kwa sababu ya mechi bila pigo, kesho utavunja kwa sababu nyingine, na mwisho wa msimu utakuwa na wodi badala ya timu. Ya pili inasema hii ni gemu bwana. Hakuna bega la kweli linaloumia. Mtu anacheza ili aone maajabu, sasa maajabu yanagonga mlango halafu yeye anachungulia kikokotoo!

Kabla ya kuamua nani yuko sahihi, kuna usiku mmoja wa kweli unaopaswa kukumbukwa.

Juni 1, 2012, New York. Johan Santana wa Mets, Mvenezuela anayerusha kwa mkono wa kushoto, aliyewahi kuchukua tuzo ya mrushaji bora mara mbili, anakutana na St. Louis Cardinals. Msimu wote wa 2011 hakucheza kwa sababu ya upasuaji wa bega. Kocha wake, Terry Collins, hakutaka avuke mirusho takribani 115. Lakini Mets ilianza kucheza mwaka 1962, na katika miaka 50 hakuna mrushaji wake hata mmoja aliyekuwa amemaliza mechi bila pigo. Hata mmoja.

Awamu ya 6 Carlos Beltran aliuchapa mpira ukaangukia kwenye chaki ya mstari. Mwamuzi akasema nje. Awamu ya 7 Mike Baxter aliruka akadaka mpira na kujibamiza ukutani, akaumia. Mirusho ikapita 100, ikapita 115. Collins akabaki amekaa. Santana alimaliza na mirusho 134, Mets ikashinda 8-0, na uwanja ukalipuka kama fainali. Mbele ya waandishi Collins alikuwa karibu kulia, na hayakuwa machozi ya furaha.

Santana alianza mechi 10 nyingine tu. Agosti 2012 ikawa mwisho. Mwaka 2013 bega lilifanyiwa upasuaji wa pili, akajaribu kurudi kupitia klabu nyingine, haikuwezekana. Hajarusha tena kwenye ligi kubwa.

Je, ni ile mirusho 134 iliyommaliza? Hakuna anayeweza kuthibitisha. Bega lilikuwa limeshapasuliwa tayari, na huenda lingegoma hata kama angetolewa kwenye mrusho wa 90. Ila Collins alijua hatari ipo, Santana alijua, na wote wawili walilipa bei bila kujua mapema itakuwa kiasi gani.

Upande wa pili yupo Dave Roberts wa Los Angeles Dodgers. Aprili 2016 alimtoa Ross Stripling, aliyekuwa anacheza mechi yake ya kwanza kabisa katika ligi kubwa na hajaruhusu pigo, kwenye mrusho wa 100. Stripling alishafanyiwa ule upasuaji wa Tommy John. Aliyeingia akapigwa mpira uliotoka nje ya uwanja, mabao yakawa 2-2, na Dodgers ikafa 3-2 katika awamu ya 10. Mechi bila pigo imekwenda, na ushindi nao umekwenda. Roberts alizomewa kila kona.

Hakubadilika. Aprili 13, 2022 alimtoa Clayton Kershaw baada ya awamu 7 za mechi kamili. Wapigaji 21, wote wametoka, mirusho 80 tu. Kershaw alikuwa na miaka 34, msimu uliotangulia uliishia kwa maumivu ya mkono, na hiyo ilikuwa mechi yake ya kwanza ya msimu mpya. Mwenyewe alisema kocha amefanya sawa. Haikumfanya awe chuma, kwani mwishoni mwa 2023 alipasuliwa bega. Lakini alirudi, na Julai 2025 akafikisha wapigaji 3,000 aliowatoa kwa kuwashinda kwa mirusho yake, mbele ya mashabiki wake.

Ukiwaweka Collins na Roberts pamoja, kambi zote mbili za gemu zinaonekana zimekosea kitu kilekile.

Wanaoiachia kompyuta imtoe mrushaji kila anapogusa 100 wanakimbia kazi ya kocha. Roberts hakutumia namba moja kwa watu wote. Stripling alipewa 100, Kershaw 80, kwa sababu umri, kidonda cha jana na wakati wa msimu havifanani. Namba isiyotazama mtu haina busara kuliko saa ya ukutani. Mirusho 104 ya kijana wa miaka 25 aliyepumzika vizuri, Septemba, timu ikiwa haina tena cha kupigania, si sawa na 104 ya mkongwe mwenye bega bovu mwezi Aprili.

Lakini wanaosema "ni gemu tu" wana kosa kubwa zaidi, na kosa lenyewe si kumwacha mrushaji uwanjani. Kosa ni kuzima majeruhi kwenye mipangilio kabla ya msimu kuanza, au kuseva mechi ikiwa awamu ya 7 ili mambo yakiharibika wairudishe nyuma. Anayefanya hivyo anaweza kupata mechi bila pigo 10 kwa wiki moja. Atakuwa amepata nini? Mirusho 134 ya Santana inakumbukwa kwa sababu ilikuwa na bei. Ikiondolewa bei, kinachobaki ni tarakimu kwenye kioo.

Shabiki wa soka anaijua tabia hii. Yupo jamaa wa Football Manager aliyechukua ubingwa wa Ulaya mara saba akiwa na timu ya daraja la tatu. Ukimbana, anakiri kwamba kila akifungwa alizima kompyuta kabla haijaseva. Hakuna anayemhesabia makombe hayo, na kimoyomoyo hata yeye hayahesabu.

Njia ya haki ipo, na haihitaji gemu mpya. Weka kikomo kabla ya mechi, kichwa kikiwa kimetulia, kwa kutazama mrushaji mmoja mmoja. Acha majeruhi yawe wazi kama yalivyo. Siku ile ikija, vunja kikomo ukitaka, hiyo ni haki ya kocha. Ila usiseve. Mpe mapumziko marefu baada ya hapo, na ripoti ya daktari ikija na habari mbaya, ikubali na umtafute mwingine. Na ukiamua kumtoa, mtoe kwa mkono wako mwenyewe, kisha uvumilie kumwona aliyeingia akiruhusu pigo kwenye mrusho wake wa kwanza.

Watengenezaji wa gemu nao wana deni. Uchovu usiwe mstari unaoshuka tu na kesho umejaa tena. Mirusho 134 ya Juni ionekane Agosti. Mchezaji wa gemu akifungua ripoti ya majeruhi miezi miwili baadaye, asimame kidogo na kukumbuka usiku ule.

Collins alikaa kwenye benchi awamu ya 9 nzima akijua anachofanya. Roberts aliinuka akijua atazomewa. Mmoja alipata historia, mwingine alibaki na mrushaji wake. Anayekaa mbele ya kompyuta saa nane za usiku, kijana wake yuko mrusho wa 104, naye achague moja. Akitaka zote mbili bila kulipa, aende akacheze karata peke yake.