Kuganda kwa Aloi si Suala la Halijoto Peke Yake

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa alumini huganda lini, hujibu bila kusita kwamba huganda kwenye 660 °C. Jibu hilo ni sahihi. Hata hivyo, alumini inayoyeyushwa karakanani kutokana na pistoni kuukuu si alumini tupu. Ni aloi, yaani mchanganyiko wa metali hiyo na silikoni, shaba na vitu vinginevyo. Aloi nyingi hazina nukta moja ya kuganda. Huanza kuganda kwenye halijoto fulani na kumaliza kwenye halijoto ya chini zaidi, na katika kipindi kilicho baina ya hizo mbili sehemu yake ni yabisi na sehemu ni kimiminika. Yanayotokea humo huchangia sana kuamua kama kipuri kilichosubiwa kitadumu au kitapasuka. Mafunzo ya shuleni hukipita kipindi hicho kana kwamba hakipo, na hilo ni kosa linalostahili kurekebishwa.

Fuwele za aloi hazikui kama matofali yanayopangwa. Humea kutoka ukutani mwa kalibu, penye baridi; hutoa shina, shina likatoa matawi, na matawi yakatoa vitawi, mithili ya mti. Zisipobughudhiwa huelekea katikati zikawa punje ndefu kama nguzo. Pale nguzo za kuta mbili zinapokutana, hujikusanya kimiminika cha mwisho pamoja na uchafu wake, na hapo ndipo ufa hupenda kuanzia. Kwa hiyo mara nyingi mhandisi hutaka kinyume chake: punje ndogo ndogo zisizoelekea upande mmoja. (Mapanga ya tabo za ndege ni jambo jingine, huko nguzo hutafutwa kwa makusudi.)

Je, punje hizo ndogo hutoka wapi? Metali haipenyezi mwanga, hivyo mwaka 1966 Jackson, Hunt, Uhlmann na Seward walitazama badala yake myeyusho wa kloridi ya amonia katika maji, ambao huganda kwa matawi yale yale. Waliona matawi yakikatika kwenye shingo zake nyembamba, yakachukuliwa na mikondo hadi katikati, na kila tawi lililosalimika likawa mbegu ya punje mpya. Mikondo hiyo haihitaji mkorogaji. Kimiminika kilichopoa kando ya ukuta huwa kizito na kuzama. Tena, fuwele za aloi ya alumini na shaba zikikua huiacha nje sehemu kubwa ya shaba, na kimiminika kinachobaki huzidi uzito. Mwaka huo huo Uhlmann, Seward na Chalmers walitumia nguvu za sumaku kuzuia mwendo ndani ya metali iliyoyeyuka, na nguzo zikarefuka.

Lenye mvuto zaidi kwa vijana ni tukio la mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Massachusetts, Marekani. Mwanafunzi David Spencer, chini ya mwalimu wake Merton Flemings, alikuwa akichunguza nyufa katika aloi ya stani na risasi iliyoganda nusu. Alipoizungusha mfululizo wakati ikiganda, matawi yaligeuka vidonge vya mviringo, na aloi ikatiririka kwa urahisi ingawa sehemu kubwa yake ilikwisha kuwa yabisi. Njia mpya ya kusubu metali ilizaliwa hapo, kutokana na jaribio lililokusudiwa kujibu swali jingine.

Wapo walimu wanaoshikilia kwamba haya ni ya chuo kikuu. Hoja hiyo haina uzito. Kutanuka kwa joto, msongamano na uyeyukaji vyote vimo katika masomo ya sekondari. Kilichokosekana ni kuviunganisha. Na kijana anayetoka shuleni kwenda karakanani ndiye anayeumizwa na upungufu huo. Huzidisha moto ili metali itiririke vyema, asijue kwamba matawi yanayokatika huyeyuka yote katika joto hilo, na mbegu zikatoweka. Akisikia kwamba mwendo unafaa, huchukua mti akakoroga kwa nguvu, akaingiza hewa na utando wa oksidi. Chombo kikipasuka, lawama huangukia vyuma chakavu.

Jaribio lenyewe halina gharama kubwa. Gramu 45 za kloridi ya amonia huyeyushwa katika mililita 100 za maji yaliyopashwa hadi kiasi cha 60 °C (chumvi kavu isichomwe, kwa kuwa moshi wake hukaba). Myeyusho hugawanywa katika bika mbili zilizosimamishwa ndani ya maji ya barafu; moja huachwa itulie, nyingine hukorogwa polepole kwa kijiti cha kioo. Baada ya dakika chache fuwele huanza kuanguka kama theluji. Wanafunzi wachore wanachokiona katika kila bika, kabla mwalimu hajawaeleza lolote.