Chuki dhidi ya Wayahudi: Mzigo Usiowapasa Wayahudi Peke Yao

Tarehe 14 Desemba 2025, jioni ya kwanza ya Sikukuu ya Hanuka, familia za Kiyahudi zilikusanyika katika ufuko wa Bondi, jijini Sydney nchini Australia, ili kuwasha taa ya kwanza ya sikukuu yao. Watu 15 waliuawa kwa risasi. Miezi miwili hivi kabla ya hapo, tarehe 2 Oktoba, katika Siku ya Upatanisho, siku iliyo takatifu kuliko zote katika kalenda ya Kiyahudi, waamini wawili walipoteza maisha katika shambulio dhidi ya sinagogi moja jijini Manchester, Uingereza. Katika misiba yote miwili viongozi wa Kiyahudi walijikuta wakibeba mambo matatu kwa wakati mmoja: kuzika wafu wao, kuwafariji wafiwa, na kuziomba Serikali ziwalinde walio hai.

Hapo ndipo linapozaliwa swali linalotuhusu sisi Wakristo: je, vita dhidi ya chuki kwa Wayahudi ni kazi ya nani? Wengi hudhani kwamba ni kazi ya Wayahudi wenyewe, kwa kuwa ndio wanaoumizwa. Lakini historia ya Kanisa katika miaka themanini iliyopita inatoa jibu tofauti. Aliyepanda mbegu ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kung'oa magugu. Na sehemu ya mbegu hii, tukubali kwa unyenyekevu, ilipandwa katika mashamba yetu.

Uongozi wa jumuiya ndogo iliyo katika hatari

Tutazame Ufaransa, nchi yenye jumuiya ya Wayahudi iliyo kubwa kuliko zote barani Ulaya, ingawa Wayahudi hao hawafikii hata asilimia moja ya wananchi wote. Uongozi wa jumuiya hiyo umegawanyika katika vyombo kadhaa. Baraza la kidini, ambalo mizizi yake ni katika sheria za Napoleon za mwaka 1808, linasimamia masinagogi, na Rabi Mkuu wa Ufaransa, Haïm Korsia, ndiye sauti ya imani. Baraza la uwakilishi linalojulikana kwa kifupi kama CRIF lilizaliwa mafichoni wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakati nchi ilipokuwa chini ya utawala wa Wanazi, na hadi leo ndilo linalozungumza na Serikali kwa niaba ya Wayahudi. Mwaka 1980, baada ya bomu kuua watu wanne mbele ya sinagogi la mtaa wa Copernic jijini Paris, jumuiya iliunda huduma yake yenyewe ya ulinzi, ambayo hushirikiana na polisi kulinda shule na nyumba za sala, na huhesabu kila tukio la chuki linaloripotiwa.

Hesabu hizo zinasikitisha. Mwaka 2022 yaliripotiwa matukio 436. Mwaka 2023 yalifika 1,676, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilikuja baada ya shambulio la Hamas la tarehe 7 Oktoba nchini Israeli, ambamo watu wapatao 1,200 waliuawa na wengine zaidi ya mia mbili kuchukuliwa mateka. Mwaka 2024 yalikuwa 1,570. Nyuma ya tarakimu hizi kuna mzazi anayemwambia mwanawe afiche kofia yake ya sala ndani ya treni, na kuna mzee anayeondoa jina lake kwenye sanduku la barua. Kuna pia makaburi: ya watoto watatu na mwalimu mmoja waliouawa katika shule ya Kiyahudi jijini Toulouse tarehe 19 Machi 2012, na ya watu wanne waliouawa katika duka la vyakula vya Kiyahudi jijini Paris tarehe 9 Januari 2015.

Kiongozi wa jumuiya kama hii anaishi katika mtihani mgumu. Akipaza sauti, anaambiwa kwamba anatia chumvi. Akinyamaza, watu wake wanajiona wametelekezwa. Kila vita inapolipuka Mashariki ya Kati, anatakiwa kujieleza juu ya maamuzi ya Serikali ambayo hakuichagua, katika nchi ambayo si yake. Ndiyo maana viongozi hawa wamekuwa wakirudia jambo moja: ulinzi wa polisi ni wa lazima, lakini polisi hawezi kuingia katika moyo wa mtu. Moyo hufundishwa nyumbani, shuleni na katika nyumba za ibada.

Mwalimu wa historia aliyebisha hodi Vatikano

Aliyelifahamu hilo mapema kuliko wengi alikuwa mwanahistoria wa Kifaransa, Jules Isaac, aliyezaliwa mwaka 1877. Vizazi vya wanafunzi wa Ufaransa vilisoma historia katika vitabu vyake, naye alifikia cheo cha Mkaguzi Mkuu wa elimu. Mwaka 1940 alifukuzwa kazi kwa sababu moja tu, kwamba alikuwa Myahudi. Mwezi Oktoba 1943 mke wake na binti yake walikamatwa, wakapelekwa Auschwitz na kuuawa. Yeye aliponea chupuchupu. Kutoka kizuizini mkewe aliweza kumpelekea ujumbe mfupi akimsihi ajitunze na aikamilishe kazi aliyoianza.

Kazi hiyo ilikuwa ni kitabu. Akiwa mafichoni, mzee huyu aliketi na Injili mbele yake, akazilinganisha na mahubiri na katekesi za karne nyingi. Hitimisho lake lilikuwa zito: Injili hazifundishi kuwachukia Wayahudi, lakini Wakristo walikuwa wamejenga juu yake mazoea aliyoyaita mafundisho ya dharau. Walikuwa wamefundisha kwamba Wayahudi wote, wa nyakati zote, ndio waliomuua Kristo; kwamba kutawanyika kwao ni adhabu ya Mungu; kwamba Agano lao limetupwa. Unazi haukuwa Ukristo, tena uliuchukia Ukristo. Lakini ulipokuja, ulikuta udongo uliokwisha kulimwa.

Isaac hakuishia katika uchungu. Mwaka 1947 alishiriki mkutano wa Wakristo na Wayahudi huko Seelisberg, Uswisi, uliotoa hoja kumi za kurekebisha mafundisho ya Kikristo. Mwaka 1948 alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha urafiki kati ya Wayahudi na Wakristo nchini Ufaransa. Kisha, tarehe 13 Juni 1960, akiwa na umri wa miaka 82, alipokelewa na Mtakatifu Yohane XXIII, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amekwisha kuondoa katika sala ya Ijumaa Kuu neno lililowadhalilisha Wayahudi. Isaac alimkabidhi hati zake, akaomba iundwe kamati ya kulichunguza suala hilo. Mwishoni aliuliza kama angeweza kuondoka na tumaini kidogo. Baba Mtakatifu akamjibu kwamba anastahili zaidi ya tumaini.

Mwezi Septemba mwaka uleule, Papa alimkabidhi Kardinali Augustin Bea jukumu la kuandaa hati. Isaac alifariki mwaka 1963, kabla ya kuona matunda. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mababa wa Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano walipitisha Tamko la Nostra aetate kwa kura 2,221 dhidi ya 88. Sura yake ya nne inafundisha kwamba mateso ya Kristo hayawezi kuwekwa juu ya Wayahudi wote walioishi wakati ule bila tofauti, wala juu ya Wayahudi wa leo. Na inasikitikia chuki na madhulumu dhidi ya Wayahudi, ya wakati wowote na ya mtu yeyote. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 597 na 598, inakwenda hatua moja mbele: watenda dhambi wote ndio sababu ya mateso ya Bwana, na sisi Wakristo tunaomfahamu tuna hatia kubwa zaidi.

Toba inayozaa matendo

Kanisa la Ufaransa lilikuwa na mashahidi wake hata katika giza. Tarehe 23 Agosti 1942, Askofu Mkuu Jules-Géraud Saliège wa Toulouse aliagiza barua yake isomwe parokiani, ingawa mkuu wa mkoa alijaribu kuizuia. Kwa maneno machache aliwakumbusha waamini kwamba Wayahudi ni watu, ni ndugu, na kwamba si kila kitu kinaruhusiwa kutendwa dhidi yao. Lakini sauti kama hiyo zilikuwa chache. Wayahudi wapatao 76,000 walisafirishwa kutoka Ufaransa kwenda kambini, na waliorudi walikuwa maelfu machache tu.

Ndiyo maana tarehe 30 Septemba 1997, huko Drancy, mahali walipofungiwa Wayahudi wengi kabla ya kupelekwa kifoni, Maaskofu walisoma tamko la toba mbele ya viongozi wa Kiyahudi. Hawakuomba radhi kwa ajili ya yale tu yaliyotendwa, bali pia kwa ajili ya ukimya. Mwaka 2015, Nostra aetate ilipotimiza miaka hamsini, upande wa Kiyahudi ulijibu kwa tamko la udugu lililokabidhiwa kwa Kardinali André Vingt-Trois jijini Paris. Na tarehe 1 Februari 2021 Baraza la Maaskofu liliwakabidhi viongozi wa Kiyahudi, Rabi Mkuu Korsia akiwa miongoni mwao, tamko linalosema kwamba kupambana pamoja na chuki hii ndicho kipimo cha udugu wa kweli.

Neno muhimu hapa ni "pamoja". Tarehe 29 Oktoba 2025, katika katekesi yake juu ya miaka 60 ya Nostra aetate, Baba Mtakatifu Leo XIV alikumbusha kwamba Kanisa halivumilii chuki dhidi ya Wayahudi, na kwamba linapambana nayo kwa sababu ya Injili yenyewe. Hakusema ni kwa sababu ya diplomasia. Na pale Bondi, aliyemrukia mmoja wa washambuliaji na kumpokonya bunduki, akijeruhiwa kwa risasi, alikuwa Mwislamu mwenye asili ya Syria. Hakuwa kiongozi wa mtu yeyote. Alibeba mzigo ambao wengi wangesema haukuwa wake.

Haki haigawanyiki

Msomaji anaweza kuuliza: na Gaza je? Swali ni halali, na Kanisa halilikwepi. Maelfu kwa maelfu ya raia wa Gaza wamepoteza maisha. Tarehe 17 Julai 2025 hata Parokia ya Familia Takatifu, iliyo pekee ya Kikatoliki katika Gaza, ilipigwa na watu watatu wakafa. Kulia pamoja na watoto wa Palestina ni wajibu wa Mkristo. Kuikosoa Serikali ya Israeli kwa hoja za haki si kuwachukia Wayahudi, na kiongozi yeyote, awe wa Kiyahudi au la, asiifanye tuhuma ya chuki kuwa ngao ya kuzuia maswali ya haki. Lakini kumpiga mawe mwanafunzi wa Paris, au kuchoma sinagogi la Rouen kama ilivyojaribiwa mwezi Mei 2024, kwa sababu ya vita ya mbali, hakumsaidii mtoto hata mmoja wa Gaza. Ni kumhukumu mtu kwa damu yake.

Vita hiyo imefika pia katika nyumba zetu. Vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israeli kujifunza kilimo waliuawa katika shambulio lile la tarehe 7 Oktoba 2023. Msiba wao unatukumbusha kwamba chuki, ikishaachiwa, haiulizi aliye mbele yake ametoka wapi.

Na sisi je?

Huku Afrika Mashariki Wayahudi ni wachache. Wapo Nairobi, wenye sinagogi lao tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Wapo Waabayudaya wa Mbale nchini Uganda, walioanzishwa na Semei Kakungulu mnamo mwaka 1919, na waliokatazwa kuishi imani yao wakati wa Idi Amin. Wengi wetu hatujawahi kuketi na hata mmoja wao. Tunamjua Myahudi wa Biblia, hatumjui Myahudi jirani. Kwa hiyo tunaweza kuibandika bendera ya Israeli kwenye basi dogo asubuhi, na jioni tukasambaza kwa simu ujumbe kwamba Wayahudi wanatawala dunia kwa siri. Mengi ya maneno hayo yanatokana na hati ya kughushi iliyochapishwa Urusi mwaka 1903, na ambayo gazeti moja la London lilionyesha mwaka 1921 kuwa ni uongo mtupu. Miaka zaidi ya mia moja imepita, na uongo bado unatembea.

Tusiseme kwamba maneno hayaui. Ukanda wetu unajua: mwaka 1994 nchini Rwanda jirani alikwisha kuitwa mende redioni kabla ya panga kuinuliwa.

Basi, Mapadre na makatekista wana kazi ya wazi. Juma Kuu linapofika na Mateso ya Bwana kadiri ya Yohane yanasomwa, wawaeleze waamini kwamba neno "Wayahudi" mara nyingi hapo lina maana ya wakuu wachache wa wakati ule, si taifa zima. Na kwamba Yesu, Mama yake Bikira Maria na Mitume walikuwa Wayahudi. Walezi wa jumuiya ndogondogo wawafundishe vijana kuuliza chanzo cha ujumbe kabla ya kuutuma. Wazazi wasitumie jina la taifa lolote kama tusi.

Mtume Paulo aliwaonya Wakristo wa Roma wasijivune dhidi ya matawi ya asili, kwa kuwa shina ndilo linalowabeba, si wao wanaolibeba shina. Jules Isaac alifanya safari ya kwenda Roma akiwa mzee, mjane, na baba aliyefiwa, ili kutukumbusha maneno yetu wenyewe. Isiwe lazima Myahudi mwingine asafiri hivyo tena.